Wati 45 Zilikwenda Wapi?

Februari 2022 Samsung ilizindua Galaxy S22 Ultra, simu yenye betri ya mAh 5000 inayoweza kupokea chaja ya wati 45. Mtangulizi wake, S21 Ultra, aliishia wati 25. Kwa hesabu za dukani, 45 inakaribia mara mbili ya 25, basi muda wa kuchaji nao ungeshuka karibu nusu. Wapimaji huru, GSMArena wakiwa miongoni mwao, waliimaliza simu chaji mpaka ikazima, wakaijaza kwa chaja ya wati 45, kisha wakarudia zoezi zima kwa chaja ya wati 25. Mara zote mbili betri ilijaa kwa muda wa kama saa moja. Chaja kubwa ilitangulia kwa dakika chache tu.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Chaja ina uwezo wa wati 45, simu huzipokea, na ukiweka kipima kati ya chaja na simu utaziona. Ambacho sanduku halisemi ni kwamba utaziona kwa muda gani. Ndiyo maana kesi hii inafaa kuchambuliwa kuliko nyingine zenye namba kubwa zaidi: ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mtu hulifanya anapopima chaji ya simu, na namba za namna hiyo ndizo zinazouza simu leo, Kariakoo hata Luthuli Avenue, kuanzia simu za wati 18 hadi Infinix Zero Ultra ya mwaka huohuo wa 2022 iliyotangazwa kwa wati 180.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayofichua mambo kabla hata ya kushika kifaa. Namba ya mAh iliyoandikwa kwenye betri inaeleza kiasi cha chaji, haielezi nishati. Ili upate nishati, zidisha kwa volti ya betri, ambayo kwa simu za siku hizi ni kama 3.85. Ampea-saa 5 mara 3.85 ni wati-saa 19.25. Hiyo ndiyo nishati inayotakiwa kuingia ndani ya S22 Ultra kutoka sifuri hadi kujaa. Kama wati 45 zingeingia bila kupungua tangu mwanzo mpaka mwisho, kazi ingekwisha kwa dakika 26. Wati 25 zingehitaji dakika 46. Matokeo yalikuwa kama saa moja kwa zote mbili, kwa hiyo wastani wa nguvu iliyoingia kwenye betri ni wati 19 hivi, iwe ni kwa chaja kubwa au ndogo. Ongeza joto linalopotea njiani, chaja yenyewe pengine ilitoa wastani wa wati 21 au 22. Chaja ya 25 ilifanya kazi karibu na uwezo wake. Ile ya 45 ilitumia sehemu kubwa ya saa hiyo ikiwa imepumzika.

Iliyoilazimisha kupumzika ni betri. Betri ya lithiamu huchajiwa kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza mkondo mkubwa unasukumwa ndani huku volti ya betri ikipanda polepole. Volti ikigonga kikomo, ambacho kwa betri za zamani kilikuwa 4.2 na kwa nyingi za leo ni 4.4 na ushei, awamu ya pili inaanza: volti inashikiliwa palepale, na mkondo unaachwa upungue wenyewe mpaka unapokuwa mdogo sana na saketi kukata. Kinachotokea ndani ni kwamba ayoni za lithiamu zinajipenyeza kati ya tabaka za grafiti. Mwanzoni nafasi ni tele. Baadaye zinabanana, kama mahindi yanapojazwa kwenye gunia: madebe ya mwanzo unamimina tu, ya mwisho unamimina kidogo, unatikisa, unasubiri yashuke, unamimina tena. Ukilazimisha kasi ileile ya mwanzo, lithiamu hushindwa kuingia na badala yake huganda juu ya grafiti ikiwa metali. Betri hupungua uwezo, na jambo hilo likizidi, usalama wenyewe unakuwa shakani.

Watengenezaji wa simu zenye chaja kubwa hawangoji hata awamu ya pili. Hushusha mkondo ngazi kwa ngazi mapema, kilele kikidumu dakika chache za mwanzo wakati betri ina njaa, kisha ngazi ya chini yake, kisha nyingine. Ukichora nguvu dhidi ya muda hupati mstari ulionyooka, unapata mlima wenye mteremko mrefu. Sanduku linataja ncha ya mlima. Mpimaji anayesubiri asilimia 100 anapima mlima mzima, pamoja na ule mteremko mrefu ambao chaja zote hulingana humo, kwa kuwa anayeamua kasi hapo ni betri. Kwa hiyo jibu la "saa moja kwa saa moja" lilikuwa sahihi, ila liliificha nafuu iliyokuwepo kwenye dakika ishirini za mwanzo.

Hapa ndipo nina msimamo. Muda wa kufika asilimia 100 ni kipimo kibovu zaidi kati ya vyote vinavyotumika, na bado ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Mtu mwenye haraka haongozwi na asilimia 100. Anataka kujua akichomeka simu anapooga na kunywa chai, ataondoka na kiasi gani. Apple kwa miaka kadhaa imeahidi kitu cha aina hiyo: asilimia 50 kwa dakika 30 kwa kutumia chaja ya wati 20 au zaidi. Ahadi hiyo inapimika. iPhone 12 ina betri ya wati-saa 10.78, nusu yake ni 5.4, na ukiigawa kwa nusu saa unapata wastani wa wati 11 kidogo kasoro. Chaja imeandikwa 20, betri imepokea kama 11, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa aliambiwa dakika na asilimia badala ya wati. Wapimaji makini nao wamehamia huko: wanataja asilimia baada ya dakika 15, baada ya dakika 30, kisha muda wa kujaa ukifuata kama taarifa ya ziada.

Lakini asilimia nayo si kitu cha kuaminiwa hivihivi. Simu haina namna ya kuchungulia ndani ya betri na kuona imejaa kiasi gani. Ina saketi ndogo inayohesabu chaji inayoingia na kutoka, ikalinganisha na volti na joto, kisha ikakisia. Mtengenezaji ndiye anayeamua wapi paitwe sifuri na wapi paitwe mia. Simu "iliyozima" ina akiba kidogo iliyobaki kwa makusudi, kwa sababu betri ya lithiamu ikikaushwa kabisa huharibika. Upande wa juu, kuna simu zinazoandika 100 wakati mkondo bado unaingia, na huendelea kuingia kwa dakika kadhaa. Simu mbili zikishindanishwa kwa muda wa kufika 100, inayowahi kuiandika 100 inashinda hata kama haijajaa. Dawa yake ni rahisi: simu ikionyesha 100, usichomoe. Iache kwenye kipima mpaka mkondo ushuke na kutulia, uone ni wati-saa ngapi zimeongezeka baada ya "kujaa".

Hilo linatuleta kwenye vifaa. Kuna vipima vidogo vya USB, ukubwa wa kidole gumba, vinavyochomekwa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti, ampea, wati na jumla ya wati-saa. Si ghali, na kwa kazi hii vinatosha kabisa. Soma wati-saa, achana na mAh ya kwenye kipima. Ampea-saa moja iliyopita kwa volti 9 imebeba nishati zaidi ya mara mbili ya ampea-saa moja iliyomo kwenye betri ya volti 3.85, na ndiyo maana watu hushangaa kuona simu ya mAh 5000 "imejaa" kwa mAh 2400 tu, wakadhani betri ni feki. Betri ni nzima. Vizio ndivyo vilivyochanganywa.

Kipima cha USB kina udhaifu mmoja ambao haupaswi kusahaulika. Chaja ya kasi na simu huafikiana kabla ya kupeana nguvu. Chaja huanza na volti 5, simu inauliza una nini kingine, chaja inajibu, simu inachagua. Katika mfumo wa USB Power Delivery mazungumzo hayo yana utaratibu ulio wazi, na kipima kizuri huyapitisha bila kuyagusa. Ila OPPO ilipoleta mfumo wake wa chaji wa VOOC mwaka 2014 ilichukua njia yake: badala ya kupandisha volti ilipandisha mkondo, kwa waya mnene wenye pini za ziada na kichwa chake maalumu. Ukiweka kipima cha kawaida katikati ya mfumo wa aina hiyo, mazungumzo yanaweza kukatika, simu ikarudi kwenye volti 5 na chaji ya kawaida, nawe ukaandika kwamba kampuni imedanganya kumbe kifaa chako ndicho kilichoharibu jaribio. Kwa hiyo fanya mzunguko mmoja bila kipima chochote, saa peke yake. Ukiona simu imechaji haraka zaidi bila kipima, matokeo ya kipima yatupwe, na nguvu ipimwe kutoka ukutani kwa kipima cha soketi. Cha ukutani kitahesabu pia joto linalopotea ndani ya kichwa cha chaja, kwa hiyo namba zake zitakuwa juu kidogo. Hilo linajulikana na haliharibu ulinganisho. (Kwa wanaohofia kumaliza umeme wa LUKU: hata tukiweka hasara ya asilimia 20, kuijaza betri ya mAh 5000 kunakula wati-saa 24 hivi. Uniti moja inaijaza zaidi ya mara 40.)

Maandalizi ya simu yenyewe hayana mengi. Iishe chaji mpaka ijizime, iachwe ipoe, kava livuliwe, iwekwe katika hali ya ndegeni, kioo kizimwe. Anayejua kutumia kompyuta anaweza kuiuliza Android kwa amri ya adb shell dumpsys battery, ambayo inarudisha volti ya betri kwa milivolti na joto lake kwa sehemu za kumi za nyuzi, yaani 312 ni nyuzi 31.2. Kila dakika tano inatosha. Kukiwasha kioo kila mara kuangalia asilimia ni kuingilia jaribio, kwa sababu kioo kinakula nguvu ileile unayoipima.

Waya unastahili kukaa nao zaidi, kwa kuwa ndio unaolaumiwa mara chache na kukosea mara nyingi. Waya mwembamba wa shaba, wa kipimo cha AWG 28 kinachopatikana sana kwenye waya za bei rahisi, una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja unakuwa na omu 0.42. Pitisha ampea 2 humo, volti 0.84 zinaishia njiani zikiwa joto. Chaja imetoa volti 5, kwenye tundu la simu zimefika 4.16. Simu ikiona volti imeporomoka namna hiyo hupunguza mkondo inaoomba mpaka volti irudi juu, na mwenye simu anaona "chaja mbovu". Ukiweka kipima upande wa chaja utaona volti 5 safi na hutaelewa kitu. Kihamishie upande wa simu, baada ya waya, na siri itajitokeza.

Ugonjwa huohuo wa waya ndio uliozaa volti 9. Chukua wati 18 kwenye waya wenye omu 0.25. Kwa volti 5 zinahitaji ampea 3.6, na waya unakula wati 3.24. Kwa volti 9 zinahitaji ampea 2 tu, na waya unakula wati 1. Hasara inafuata mraba wa mkondo, ndiyo maana Quick Charge ya Qualcomm na Power Delivery zilipandisha volti. Kwa waya wa USB-C pana sharti jingine: wa kawaida unaruhusiwa ampea 3, na ili upitishe ampea 5 lazima uwe na chipu ndani inayojitambulisha kwa chaja. Chaji ya wati 45 ya Samsung inahitaji waya wa aina hiyo. Ukitumia wa ampea 3, simu haikuambii kitu kinachoeleweka. Inachaji tu kwa ngazi ya chini. Na kwa kuwa Apple iliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye sanduku kuanzia iPhone 12 mwaka 2020, na Samsung ikafuata na S21 mwaka 2021, waya na chaja sasa hununuliwa mbalimbali. Jaribio lisilotaja chaja gani na waya gani halijapima kitu.

Usitegemee pia maneno yanayotokea kwenye kioo. Katika msimbo wa wazi wa Android, kwa miaka mingi mpaka wa kuandika kwamba simu inachaji kwa kasi ulikuwa wati 7.5, yaani volti 5 kwa ampea 1.5. Simu ya wati 33 inayopokea wati 8 kutoka kwenye chaja ya barabarani ingeweza kuandika maneno yaleyale inayoyaandika ikipokea 33. Watengenezaji wengine wana maneno na alama zao, wengine huonyesha wati kabisa, lakini wati hizo nazo mara nyingi ni za makubaliano, sizo zinazoingia muda huo.

Joto ndilo linalotutenganisha sisi wa pwani na maabara. Maandishi madogo chini ya matangazo huwa yanasema majaribio yalifanywa kwenye chumba cha nyuzi 25 hivi. Mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa nyumba isiyo na kiyoyozi inapita nyuzi 30 bila juhudi. Miongozo ya usalama ya betri za lithiamu, iliyotolewa na jumuiya ya JEITA ya Japani mwaka 2007, inataka chaji ipunguzwe au isimamishwe betri inapovuka nyuzi 45, na simu nyingi huanza kujizuia kabla ya hapo ili zisimchome mwenye nazo. Simu iliyoanza kuchajiwa ikiwa na nyuzi 25 ina nafasi ya nyuzi 20 kabla ya kufika kwenye kikomo. Iliyoanza na 33 ina 12. Kilele kilekile cha wati 45 au 67 kinakatwa mapema zaidi, na mteremko unaanza mapema zaidi. Ongeza mtu anayetazama mpira kwenye simu hiyohiyo, kava la mpira limeifunika, imelazwa juu ya godoro. Ndiyo maana ningependa kuona wapimaji wa kwetu wakifanya mizunguko miwili, mmoja asubuhi kukiwa kumepoa na mwingine saa nane mchana, wakiandika joto la chumba kando ya dakika. Tofauti kati ya mizunguko hiyo miwili ni habari ambayo hakuna mpimaji wa Seoul au Shenzhen atakayetupa.

Kuna mahali pamoja ambapo mazingira yetu yanatupendelea. OnePlus 10 Pro, ya 2022, iliuzwa sehemu nyingi za dunia ikiwa na chaji ya wati 80, lakini Amerika Kaskazini ikauzwa kwa wati 65, kwa sababu chaja yake ya 80 haikuwa imetengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120 wa huko. Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Anayesoma uchambuzi wa Mmarekani kabla ya kununua simu ya aina hiyo anasoma kuhusu chaja nyingine kabisa. Soma mgongo wa kichwa cha chaja: mstari wa Input unaeleza umeme wa ukutani kinaokubali, na mistari ya Output inaorodhesha jozi za volti na ampea. Zidisha kila jozi. Ikiwa kichwa kimeandikwa wati 33 kwa herufi kubwa na jozi iliyo kubwa zaidi kwenye maandishi madogo inatoa 10, muuzaji amekuokolea muda wa kupima.

Tangu Desemba 28, 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ya tundu moja la USB-C inataka simu zinazouzwa huko ziwe na lebo inayotaja wati za chini na za juu ambazo simu inahitaji kutoka kwenye chaja, na kama inaelewa Power Delivery. Lebo hiyo ina faida yake, kwani angalau mnunuzi anajua chaja aliyonayo nyumbani itafaa. Lakini iliandikwa kwa ajili ya kulinganisha simu na chaja, na kwa kasi inataja ncha ya mlima peke yake. Ningeongeza mistari miwili chini yake: asilimia baada ya dakika 15 na baada ya dakika 30, kwenye chumba cha nyuzi 32, kava likiwa limevaliwa.